Kufua si Kuosha: Uhakiki wa Istilahi za Mahali pa Kufulia Nguo Nyumbani

Kazi ya kufua nguo ni miongoni mwa kazi za nyumbani ambazo Kiswahili kimezipa msamiati uliotimia. Hata hivyo, mtu akisoma maelekezo yaliyofasiriwa ya mashine za kufulia, au akiitazama ramani ya nyumba inayojengwa leo mjini Moshi, atadhani kwamba lugha yetu ilikuwa bubu juu ya jambo hili mpaka mfasiri alipofika. Katika ramani, chumba cha kazi hiyo huachiwa jina lake la Kiingereza, au huandikwa "udobi". Katika maelekezo husomwa "mashine ya kuosha", "eneo la udobi" na "toa nguo kwenye kamba". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro ya tafsiri za namna hii si ya uzuri wa maneno tu. Mfasiri anapokosea jina la hatua ya kazi, huharibu mpangilio wa kazi yenyewe, na pengine afya ya watu wanaoifanya.

1. Kufua na kuosha

Msemaji wa Kiswahili hana kitenzi kimoja cha kuondoa uchafu kwa maji. Huoga mwili, hunawa mikono na uso, huosha vyombo, hupiga deki sakafu, na nguo huzifua. Anayeshughulikia maiti kwa maji huitwa mwosha, na mahali wanapotumbukizwa ng'ombe katika dawa ya kuua kupe huitwa josho. Basi mtu anayeletewa "mashine ya kuosha" ana haki ya kuuliza: ya kuosha nini? Swali hili si la mzaha, kwa sababu siku hizi mashine ya kufulia nguo na mashine ya kuoshea vyombo huuzwa katika duka moja, zikiwa zimesimama bega kwa bega.

Ni kweli kwamba "kuosha nguo" husikika katika mazungumzo, hasa Nairobi, na hatuna sababu ya kumcheka asemaye hivyo. Lakini mazungumzo husaidiwa na macho na mikono ya wasemaji, hali istilahi husimama peke yake juu ya karatasi.

Uzito wa tofauti hii huonekana vizuri katika miteremko ya Kilimanjaro. Huko maji yameongozwa tangu zamani kwa mifereji iitwayo mifongo, ambayo huyachukua maji ya mito kutoka juu na kuyapitisha katika vihamba, kwa jirani huyu hadi kwa jirani yule. Povu la sabuni linaloingia mfongoni kwa aliye juu humfikia aliye chini. Tuseme mtumishi wa kijiji anataka kuandika katazo. Akiandika "Ni marufuku kuosha mfongoni", atakuwa amemkataza mwenye sufuria, lakini mwenye beseni la nguo anaweza kujibu kwamba yeye haoshi, anafua. Katazo lisilo na mwanya litasema: "Ni marufuku kufua nguo, kuosha vyombo au kuoga mfongoni." Ni refu zaidi kwa maneno machache tu, lakini linawashika wote waliokusudiwa.

2. Dobi, udobi na mahali

Neno "dobi" tulilipata kutoka Kihindi, na maana yake katika Kiswahili ni bayana: ni mtu afuaye na kupiga pasi nguo za watu kwa malipo. "Udobi" ni kazi ya mtu huyo, kama vile useremala ulivyo kazi ya seremala. Kukiita "udobi" chumba cha nyumbani ni kuchanganya mtu, kazi na mahali. Mama anayefua sare za shule za wanawe hafanyi udobi, kama vile yeye apikaye ugali wa nyumbani asivyokuwa na hoteli.

Chanzo cha mchanganyiko huu chajulikana. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hubeba maana kadhaa kwa pamoja: mahali pa kufulia, biashara ya kufua, na nguo zenyewe, chafu au safi. Mfasiri aliyechagua "udobi" kwa maana ya kwanza hujikuta amefungwa katika maana ya tatu, na mwisho humwagiza msomaji "kukunja udobi". Hapana Mswahili akunjaye udobi. Hukunja nguo.

Lugha yetu ina njia mbili za kutaja mahali pa kazi. Ya kwanza ni kauli ya kutendea: mahali pa kufulia, kamba ya kuanikia, meza ya kupigia pasi. Katika maandishi ya kawaida njia hii yatosha kabisa, na mfasiri hana haja ya kubuni lolote. Njia ya pili hufaa pale nafasi ilipo finyu, kama katika kisanduku kidogo cha ramani. Kutoka "chinjia" tumepata "machinjio", na kutoka "kimbilia" tumepata "makimbilio". Kwa kanuni hiyohiyo, kutoka "fulia" twaweza kupata "mafulio". Mwandishi wa makala haya analipendekeza neno hilo, huku akikiri kwamba bado ni pendekezo.

3. Mfuatano wa vitenzi ni mpangilio wa mahali

Jina la chumba, hata likiwa zuri, halitoshi. Tuitazame kazi yenyewe. Kwanza nguo huchambuliwa: nyeupe huwekwa kando, na zile zinazochujuka rangi huwekwa kando nyingine. Kisha huloweka mwenye kuloweka, hufua, husuuza, hukamua au husongoa, huanika, huanua, hupiga pasi, hukunja na kuweka kabatini. Kila kitenzi hudai mahali pake na chombo chake: tenga la nguo chafu, beseni la kulowekea, karo na bomba, kamba na vibanio, meza na pasi. Mpangilio mwema ni ule unaofuata mfuatano huo, ili nguo chafu isirudi kupita penye nguo safi, na mfuaji asivuke ua mara tatu akiwa na beseni la maji.

Sasa, ramani zilizochukuliwa kutoka nchi za baridi hukusanya hatua zote hizo ndani ya kuta nne, kwa sababu huko mashine hufua na mashine hukausha. Mfasiri akiandika "chumba" na kuendelea na safari, hatua ya kuanika hupotea. Mjini Moshi, jua la Januari huweza kuificha kasoro hiyo. Lakini apandaye Kibosho, Uru au Marangu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au katika ukungu na baridi ya Juni na Julai, ataona nguo nzito zikikaa kambani siku mbili bila kukauka. Kinachohitajika huko ni paa lisilo na kuta, ambalo huzuia mvua na kuruhusu upepo. Jina lake ni jepesi: banda la kuanikia. Fundi hatalijenga ikiwa halikuandikwa, nalo haliandikwi kwa sababu neno lililofasiriwa halikuwa nalo.

Kitenzi "kuanika" kinastahili kutetewa dhidi ya "kukausha". Jua hukausha, upepo hukausha, mashine hukausha, mtu huanika. Agizo la "kausha kivulini" humwambia msomaji matokeo bila kumwambia tendo, lakini "anika kivulini" humwelekeza mkono. Tena, "anika" ana mwenzake, "anua", kama "tandika" na "tandua", "funika" na "funua". Katika neno moja "anua" mna kamba, mna jua lililokwisha au mvua inayokuja, na mna haraka. "Toa nguo kwenye kamba" ni maneno manne yasiyobeba hata nusu ya hayo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro huanika kahawa yao juu ya vichanja, na mawingu yakitanda huianua au kuifunika. Mtoto wa huko huyajua maneno haya kabla hajaanza shule. Mfasiri aliyeyakosa hakuyakosa kwa umaskini wa lugha.

Neno "karo" linataka uangalifu wa namna nyingine. Kwa baadhi ya wasemaji ni sinki au birika la saruji la kuoshea na kufulia. Kwa wengine, hasa mitaani mwetu mijini, ni shimo la maji machafu. Nchini Kenya ni ada ya shule. Vihambani, watu wengi hupenda kuyaelekeza maji yaliyofuliwa kwenye migomba. Mwalimu wa maarifa ya nyumbani akiandika "maji ya karo yaelekezwe kwenye migomba", msomaji mmoja atamwaga maji ya sabuni, na mwingine atafungulia maji ya choo. Hapa utata si wa kuvumiliwa. Na iandikwe "karo la kufulia" kwa jina kamili, na shimo liitwe "shimo la maji taka".

4. Kupiga pasi na kunyoosha

Maneno haya mawili hutumiwa kama kitu kimoja, na kwa matumizi ya kila siku hapana dhara. Katika maandishi ya afya dhara lipo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki yuko nzi, ambaye Waingereza humwita nzi wa embe, atagaye mayai katika nguo zilizoanikwa zikiwa bado mbichi, hasa kivulini au juu ya ardhi. Mabuu yake hupenya ngozi ya mvaaji na kusababisha uvimbe kama jipu. Kinga mojawapo inayojulikana ni moto wa pasi, unaopitishwa pande zote za nguo pamoja na mishono.

Agizo likisema "nyoosha nguo kabla ya kuvaa", msomaji huweza kulitii bila moto wowote. Waliokaa mabwenini wanakumbuka suruali zilizonyooshwa chini ya godoro! "Kunyoosha" hutaja mikunjo iliyoondoka; "kupiga pasi" hutaja chombo na joto lake. Nasi tuliopendekeza banda la kuanikia lenye kivuli tuna wajibu zaidi wa kulisisitiza agizo hili.

5. Mapendekezo

Kwa kuwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, ndilo mlezi wa usanifu wa istilahi nchini, mapendekezo haya yanawekwa mbele yake na mbele ya wasomaji:

Mafulio: mahali palipotengwa nyumbani kwa kazi ya kufua, pawe chumba au kibaraza.

Banda la kuanikia: paa lisilo na kuta, lenye kamba za nguo chini yake.

Karo la kufulia: birika lililojengwa kwa kufulia, lenye njia ya kutolea maji.

Mashine ya kufulia: ya nguo, itengwe na "mashine ya kuoshea vyombo".

Dobi na udobi: yabaki kwa mtu na kazi yake ya malipo.

Anika, anua: yatumike badala ya "kausha" na "toa" panapokusudiwa tendo la mtu.

Piga pasi: litumike katika maagizo yote ya afya, "nyoosha" libaki kwa mikunjo.

Huenda wako watakaosema kwamba "mafulio" ni neno geni na kwamba "mahali pa kufulia" laeleweka na wote. Hatutashindana nao, maana neno hukubaliwa na watumiaji, halilazimishwi. Tunaloshikilia ni jambo moja: kabla ya kuita jina, mfasiri aende kibarazani kwa wafuaji, asikilize tangu nguo zinapochambuliwa hadi zinapokunjwa, na aandike vitenzi atakavyovisikia. Wasomaji walio na majina bora, ya pwani au ya bara, wanaombwa kuyaleta ili yapimwe pamoja na haya.