Ramani Iliyopanda Mtandaoni Kabla ya Kushuka Mtaani

Kuipandisha mtandaoni ramani ya Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kabla wenye Kibera hawajaishika mkononi lilikuwa kosa, na sifa zote ulizopata mradi wa Map Kibera tangu hapo hazilifuti.

Kazi ya uwanjani ya mwishoni mwa 2009 sina la kuilaumu: waanzilishi Mikel Maron na Erica Hagen walileta ujuzi wao, vijana 13 wa Kibera wakafunzwa GPS, na pengo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, likajaa.

Lakini turudi kwenye ile hatua iliyofuata. Kijana anasimama mbele ya choo cha kulipia, anaweka pointi, anaandika jina kwenye daftari. Baadaye pointi inaingia kompyuta, inapewa lebo, inapanda. Kuanzia dakika hiyo mtu wa Berlin anaiona. Mama anayeuza maji hatua chache kutoka choo hicho haioni, maana mwaka ule intaneti kwa wengi ilikuwa ya saiba, ukihesabiwa dakika. Sasa kama choo chenyewe kilishafungwa, au jina limekosewa, atalalamika kwa nani? Watetezi watanijibu kwamba OpenStreetMap hurekebishwa wakati wowote. Naam, na mwenye kompyuta. Uhakiki wa mtaa hufanywa mtaani, kabla data haijatoka, na hapo ndipo timu ilipokimbia.

Ramani za karatasi zilikuja 2010, katika awamu iliyofadhiliwa na UNICEF: afya, usalama, elimu, maji. Wakazi wakapata kitu cha kuchora juu yake kwa kalamu. Uamuzi mzuri, uliochelewa.

Wala haukuhitaji kubuniwa. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoundwa 1996, ulishakuwa na njia yake. Wakazi wenyewe wanapita nyumba kwa nyumba, mlango unapewa namba, kisha orodha inarudi barazani na kusomwa. Anayedai kibanda ni chake anadai mbele ya jirani anayemjua. Kelele tupu, na pengine ugomvi, lakini orodha inayotoka hapo ina wenyewe. Jane Weru, wakili na mmoja wa walioanzisha shirika la Pamoja Trust mwaka 2000, aliuweka uanasheria wake nyuma ya kazi ya namna hiyo. Sijaona bado mtaalamu wa kompyuta aliyemfikia.

Mtasema nafukua makaburi, lakini sisi wa Ngao, huku delta ya mto Tana, tuna haki ya kuwa wagumu. Mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ulichorwa na wataalamu, tuta likajengwa, El Niño ya 1997 ikapita nalo. Ikabidi Mahakama Kuu, mwaka 2013, iamuru mipango ya ardhi ya delta ifanywe kwa kuwashirikisha wananchi. Amri ya mahakama, kwa jambo ambalo baraza moja lingelimaliza!

Kwa hiyo mwanetu mhandisi akija likizo na GPS yake, akijitolea kuipimia kamati yetu mahali mafuriko yanapofika, karibu sana. Achapishe ramani kwanza, kwa kipimo kikubwa cha kuonyesha shamba la kila mtu, aitandike mezani. Wazee wamwonyeshe Tana ilipopita kabla haijahama, kwa sababu maji hupenda kurudia njia ile na GPS haiijui. Akishasahihishwa, aipandishe anakotaka.