Ufa na Ukuta: Tahakiki ya Istilahi za Mpasuko wa Maada

Ukuta wa udongo ukipata ufa huko Marabo, kando ya barabara ya Bunia na Komanda, macho ya mwenye nyumba hukaa penye ufa. Ndivyo ilivyo mbinu ya kihesabu inayounganisha mifumo miwili ya kuchunguza mpasuko. Sehemu nzima ya ukuta huhesabiwa kama kitu kimoja, kwa milinganyo isiyovumilia pengo. Penye ufa huhesabiwa chembe moja moja, kwa njia kama ile ya Cundall na Strack ya mwaka 1979, kwani chembe zaweza kuachana bila hesabu kukwama. Kuhesabu chembe za ukuta mzima kungeielemea kompyuta.

Ugumu wa istilahi huanzia hapa. Mfasiri huvutwa na neno "mfululizo" kwa mfumo wa kwanza. Lakini mfululizo ni wa vitu vingi vinavyofuatana, jambo lililo karibu zaidi na chembe. "Endelevu" nalo limekwisha kutwaliwa na wanamazingira. "Maada shikamani" ni bora, kwa kuwa kinyume cha kushikamana ni kuachana, na huko ndiko kupasuka.

Aidha, "mpaka" halifai kwa mahali mifumo inapokutana. Hapo yote miwili huwapo na hugawana nishati. Isipopatana, mawimbi hurudi kama mwangwi wa uongo. "Eneo la kulaliana", kama walaliavyo mabati ya paa, laeleza zaidi.

Wahenga walionena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta walikwisha kuzipambanua dhana hizi. Wanaistilahi hawana udhuru wa kuzichanganya.