Pawasaplai Kwanza

Mteja akiingia kuagiza kompyuta ya kuungiwa, kanjanja humuuliza ana shilingi ngapi. Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kumuuliza anakaa wapi. Nyumba ina waya wa ethi? Umeme ukikatika, hurudi salama au hurudi kwa kishindo, taa zikang'aa kupita kiasi kwanza? Mashine itakaa chini ya bati au ofisini kwenye kiyoyozi? Uniti za LUKU huwa zinakatikia usiku? Nimeyasikia maswali haya kwa fundi mmoja mwenye chumba chake ghorofani, upande wa Kariakoo unaotazamana na viwanja vya Mnazi Mmoja, ng'ambo ya Mtaa wa Lumumba. Kadiri ninavyomtazama akifanya kazi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya uhai wa kompyuta huamuliwa hapo, bisibisi ikiwa bado drooni.

Siku moja nilimkuta na dada mmoja anayepiga video za harusi na ubarikio. Alikuja na karatasi aliyoandikiwa na kijana wa mtaani kwao: prosesa ya Core i5-12400F, kadi ya grafiki ya RTX 3060, ramu ya gigabaiti 16, SSD ya terabaiti moja, kasha la kioo lenye taa za rangi. Mwisho kabisa pawasaplai, na mbele yake neno moja: yoyote.

Fundi aliisoma karatasi yote, akarudi kwenye neno lile la mwisho, akalikata kwa kalamu. Akashusha rafuni pawasaplai mbili, zote zimeandikwa wati 650 ubavuni kwa herufi kubwa, akampa dada moja kila mkono. "Ipi nzito?" Mizani haikuhitajika. Ndani ya ile nyepesi transfoma ni ndogo, kapasita ni ndogo, vipande vya aluminiamu vya kupoozea ni vyembamba. Shaba na aluminiamu ndizo zinazokula pesa, na ndizo zilizopunguzwa. Lakini uzito unaweza kughushiwa, kwa hiyo akamgeuzia stika na kumwekea kidole kwenye mstari wa volti 12, maana huo ndio unaolisha prosesa na kadi. Ile nyepesi iliandikwa ampea 20; zidisha kwa 12, ni wati 240. Ile nzito ilikuwa na ampea 54, yaani wati 648. "Maandishi makubwa ni ya muuzaji, dada yangu," alisema. "Haya madogo ndiyo ya mashine."

Kisha akampigia hesabu nyuma ya karatasi ileile. Prosesa hiyo ikikazwa hufika wati 117, kadi hufika 170, jumla 287. Weka madabodi, diski na feni, unakaribia 350. Ile pawasaplai nyepesi ingeiwasha mashine bila shida, ingefungua Windows, ingemrudisha mteja kwake akiwa na furaha. Ingekuja kuzima katikati ya kutoa video ya saa mbili, wakati prosesa na kadi zinavuta kwa pamoja. Na pawasaplai mbovu ikifa, mara nyingine hufa na madabodi na diski.

Herufi F nayo aliikata. Prosesa yenye F haina grafiki ya ndani, ndiyo maana huwa nafuu kidogo. Isiyo na F inayo, na ndani ya grafiki hiyo mna sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video za H.264 na H.265, zilezile zinazotoka kwenye kamera ya dada. "Kadi ikikufia wiki ya kukabidhi kazi, picha utaitoa wapi?" Dada akanyamaza, akifikiri. Wakakubaliana: prosesa isiyo na F, pawasaplai nzito, ramu mbili za gigabaiti nane kila moja ili madabodi isome kwa njia mbili kwa wakati mmoja, SSD nzuri. Kadi isubiri. Kwa mauzo ya siku ile fundi alipoteza bidhaa ya bei kubwa kuliko zote. Nguvu ya kuibeba kadi hiyo mwakani, hata hivyo, alikwisha kuiweka ndani ya kasha.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu. Mtu yeyote mwenye pesa anaweza kununua prosesa kali. Kuziweka sehemu zikae kwa masikilizano, kila moja ikipewa inachohitaji na isizidiwe na mwenzake, kunahitaji mtu anayeiona mashine nzima kabla haijawepo. Tena anaiona ikiwa Tandika au Mbagala, si kwenye chumba cha majaribio cha Ulaya chenye nyuzi 21.

Suala la ethi lina uzito wake peke yake. Watu wengi mjini wamezoea kugusa kasha la kompyuta na kuhisi mtekenyo, wakadhani ndivyo kompyuta zilivyo. Ndani ya pawasaplai mna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme, zimeungwa kati ya nyaya za umeme na chuma cha kasha. Zimewekwa kwa kutegemea kwamba waya wa ethi utapeleka mvujo huo ardhini. Ethi isipokuwepo, chuma hukaa na takriban nusu ya volti 230. Mkondo wenyewe ni mdogo, hauui, lakini hupita kwenye kila waya unaochomekwa: spika, kamera, diski ya nje. Fundi huyu huwaambia wateja wamwite fundi umeme kwanza, na wapo ambao hawarudi kwa kuona anawasumbua. Nadhani wanaorudi ndio wateja wake wa miaka.

Biashara hii yenyewe ni changa kuliko inavyoonekana katika mitaa iliyojaa hivi. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kizazi kizima cha mafundi wa Kariakoo kikakulia kwenye redio na kaseti. Kompyuta zilipokuja kwa wingi ziliwakuta na mita ya kupimia na mkono usiotetemeka wa kulehemu. Bahati nzuri ujuzi huo ulihitajika haraka: mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata kapasita mbovu zilizovimba vichwa na kuvuja, na mashine za ofisini kama Dell OptiPlex GX270 zikaathirika vibaya. Aliyejua redio alizing'oa, akaweka nyingine, mashine ikaendelea kuandika barua. Leo vijana wa DIT, chuo kilicho hatua chache kutoka hapa, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na ya Bibi Titi Mohamed, huja kwake kwa mafunzo ya vitendo. Cha kwanza anachowapa ni kapasita zilizokufa kwenye bakuli, wazitazame.

Wateja wengi hawana pesa ya vifaa vipya vyote, kwa hiyo kuchagua mtumba ni nusu ya kazi. Jicho la fundi hapa ni la kustaajabisha. Akipewa kadi ya grafiki hatazami feni zinavyong'aa. Hutazama vichwa vya skrubu kwa nyuma. Skrubu iliyochubuka ina maana kadi imefunguliwa. Kisha huipeleka kwenye mwanga na kutafuta alama za mafuta pembezoni mwa chuma cha kupoozea, maana mipira laini inayopitisha joto la memori huvuja mafuta ikichemka muda mrefu. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa uchimbaji, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni duniani kote. Fundi hazikatai. Huzipunguzia bei, hubadilisha mipira na pesti ya kupitisha joto, na humwambia mteja ukweli.

Diski nayo huichomeka kwanza, akasoma kumbukumbu zake za ndani. Saa 26,000 za kuwaka ni karibu miaka mitatu bila kupumzika, kwa kuwa mwaka mzima una saa 8,760. Diski ya namna hiyo inaweza kufaa kwa muvi, haifai kwa hesabu za duka. SSD zinazouzwa rahisi mno huzijaza data mpaka mwisho kwa programu ya H2testw na kuisoma tena. Zipo zinazojitangaza terabaiti moja huku zikiwa na sehemu ndogo tu ya hiyo, na zinapojaa huandika juu ya kazi yako ya zamani bila kutoa onyo. Jaribio hilo huchukua saa nyingi. Muuzaji mwenye haraka halifanyi.

Mtego mwingine ni soketi. Prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba hukaa kwenye soketi yenye migusano 1151. Kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017, nacho kina migusano 1151. Ukiichukua prosesa ya nane ukaiweka kwenye madabodi ya sita, itakaa kama imezaliwa hapo, na mashine haitawaka. Wangapi wamepanda ngazi zile na prosesa iliyofungwa kwenye leso, wakiamini ni mbovu!

Kuunga kwenyewe huenda kimya na kwa haraka, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Madabodi huiwashia juu ya boksi lake kabla ya kuiingiza kwenye kasha. Pini za soketi huzikagua kwa tochi ya simu akiinamisha kichwa kushoto na kulia, kwa sababu pini iliyopinda huonekana kwa namna mwanga unavyokatika kwenye safu. Pesti ni kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, uzito wa kipoozeo uisambaze. Ramu huzipeleka nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Umeme tuli, unaoogopwa sana kwenye nchi za baridi kavu, kwetu hupunguzwa na unyevunyevu wa hewa ya bahari. Hata hivyo fundi hugusa chuma cha kasha kila mara kabla ya kushika ramu.

Hewa hiyohiyo ya bahari ndiyo humletea kazi nyingi baadaye. Mashine inakataa kuwaka, inapiga milio, mwenyewe ameshaambiwa mahali fulani kwamba madabodi imekufa. Fundi huchomoa ramu, hufuta meno yake ya dhahabu kwa raba ya mwanafunzi, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, hupitisha spiriti, hurudisha. Mara nyingi inatosha. Saa inayorudi nyuma kila asubuhi humwelekeza kwenye betri ya CR2032: milimita 20 kwa upana, 3.2 kwa unene, volti 3. Huipima kwa mita hata kama jibu analijua.

Vumbi hulitoa barazani kwa blowa, na hapa ana sheria asiyoivunja: feni hushikwa kwa kidole kabla hewa haijapulizwa. Feni ikizungushwa kwa nguvu kuliko ilivyoundwa huumiza beringi zake, na inaweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye madabodi. Nimeona wanafunzi wake wakikumbushwa hilo kwa ukali ambao hautumii kwa jambo lingine lolote. Feni za kuingiza hewa huziweka nyingi kuliko za kutoa, zikiwa na wavu mbele, ili hewa itoke kwenye nyufa na vumbi lisivutwe kupitia humo.

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha mapema 2024, malalamiko ya mgao yamepungua, ila UPS bado anaisisitiza. Uniti zikiisha umeme haupigi hodi. Betri ya risasi iliyomo ndani haipendi joto. Kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo huandika tarehe juu ya betri kwa kalamu nene, na humkataza mteja kuiweka UPS nyuma ya friji.

Kazi anayoipenda kuliko zote, nahisi, ni ile isiyo na sifa: mashine za ofisini za mitumba zinazoendesha steshenari za jiji. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizipokei nyingi za kizazi cha sita na cha saba, lakini steshenari haiwezi kufunga duka kwa sababu hiyo. Fundi huziwekea Linux kwa anayekubali. Pawasaplai za mashine za ofisini ni shida nyingine. Dell OptiPlex 7020 na 9020 hutumia plagi kuu ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6, kwa hiyo ya dukani haichomeki bila adapta. Dell ikifia mikononi mwake hutoa pawasaplai, huipima volti moja moja ikiwa na mzigo, huisafisha, huiandika modeli na tarehe, na kuipanga kabatini kwa ajili ya mwenye steshenari atakayepanda ngazi Jumatatu asubuhi mashine imezima, na wanafunzi wakiwa wamepanga foleni mlangoni kwake wakisubiri kuchapisha.