Panya wa Shiraz na Mama yake Ali

Kitab al-Sulwa, kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa, kinasimulia kwamba sultani wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akiutafuna ukuta wa mji. Akajua mji utaanguka, akasafiri na wanawe sita. Merikebu zilikuwa saba, kila moja ikatia nanga mahali pake, na moja wapo Kilwa. Hadithi tamu, lakini mimi yule panya sikumwamini.

Mreno João de Barros, aliyechapisha habari za wafalme haohao mwaka 1552, hana panya. Kwake, Ali alihama kwa sababu ndugu zake walimdharau: mama yao alikuwa Mwajemi wa ukoo mkubwa, mama yake yeye alikuwa mjakazi Mhabeshi. Basi katika kitabu cha Kiarabu mama huyu alipotelea wapi?

Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1499. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa akamtawaza mtu asiye wa nasaba ya kifalme. Kitabu kiliandikwa baadaye, kwa ombi la sultani, na jina lake, sulwa, maana yake ni faraja. Anayefarijiwa ni aliyenyang'anywa. Kwa ukoo unaodai kiti chake, nasaba ni kama hati ya shamba. Hata kisiwa chenyewe, tunaambiwa, kilinunuliwa kihalali kwa nguo. Mama mjakazi angeitia hati hiyo doa. Sidai kwamba mwandishi alimfuta kwa mkono wake, maana huenda alipokea hadithi iliyokwisha kunyooshwa. Ibn Hisham naye alipunguza mambo katika Sira ya Ibn Ishaq, ila yeye angalau alikiri.

Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa kutoka makaburi ya miji ya pwani, Kilwa ikiwemo. Kuanzia karibu mwaka 1000, upande wa baba una Waajemi wengi. Upande wa mama ni Waafrika hasa. Kwa hiyo Shiraz si uongo mtupu. Walioachwa nje ya maandishi ni akina mama.

Kwetu Muganza jambo hili si la Kilwa peke yake. Wazungu waliandika kwamba Watutsi walitoka Ethiopia, na tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera alisimama Kabaya akasema warudishwe huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Tangu nijue hilo, nikikuta nasaba inayoanzia mbali, natafuta kwanza jina la aliyeomba iandikwe.

Mwandishi wa Kilwa aliahidi sura kumi, na nakala iliyobaki, iliyoko London, inaishia katika ya saba. Ningependa kuzisoma zile tatu, ingawa sidhani mama yake Ali yumo.