Kuipima Insafu ya Programu Itumiayo Viini Vingi

Mtu atakaye kuutambua ubora wa kifurushi cha programu kilichotungwa kwa matumizi ya umma, asianze na kasi inayotangazwa na mtungaji wake, bali akitazame hutenda nini pale mtumiaji asipokipa amri yoyote. Maana hapo ndipo tabia ya mtungaji hudhihirika, na idadi ya viini vya kompyuta aliyoiruhusu kutumika kwa wakati mmoja ndiyo shahidi wa kwanza wa insafu yake.

Kifurushi kile kile huweza kumfikia mtunza takwimu wa mji wa Nyunzu nchini Kongo, ajumlishaye wagonjwa wa malaria wa juma zima kwa kompyuta ndogo yenye viini 4 na betri iliyojazwa kwa jua, na kikamfikia pia mtafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI huko Nairobi, ambako watu wengi hutumia kwa pamoja mashine kubwa na programu ya Slurm huwagawia viini kwa zamu. Mtungaji asiye na hadhari huamuru vitwaliwe viini vyote, na matokeo yake ni kwamba wa kwanza betri yake huisha kazi ikiwa nusu, na wa pili huwaudhi jirani zake pasipo kujua.

Katika lugha ya programu iitwayo R imo amri iitwayo detectCores, nayo huhesabu viini vilivyomo mashinani, wala si vile ulivyopewa idhini. Aliyegawiwa viini 4 katika mashine ya viini 64 ataanzisha kazi 64 zinazopokezana viini 4, na hesabu itachelewa kuliko kama ingalifanywa kwa utaratibu. Ukiikuta amri hiyo ndani ya kifurushi, kitilie shaka. Ukiikuta availableCores ya kifurushi cha parallelly, ambayo huisikiliza Slurm na mipaka mingine, jua kwamba mtungaji ameishi na wenziwe.

Wasimamizi wa CRAN, hazina ya vifurushi vya R, wamekataza kifurushi kutumia zaidi ya viini 2 wakati wa ukaguzi wao, kwa kuwa mashine zao hutumiwa kwa ushirika. Nayo data.table, kifurushi cha R chenye sifa kubwa, ilijiwekea mwaka 2019 kikomo cha nusu ya viini, na haigawi kazi iliyo ndogo mno. Hilo ni jema, ingawa nusu ya 64 bado ni 32, na mtu mwenye adabu hachukui 32 pasipo kuomba.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Weka OMP_NUM_THREADS, kigezo cha mfumo kinachoweka kikomo cha viini, iwe 2, anzisha hesabu, kisha fungua top, programu ionyeshayo matumizi ya viini, katika dirisha jingine: kila kiini kizima huonekana kama asilimia 100, basi ukiona 200 amri yako imetiiwa, na ukiona 800 umepuuzwa. Kisha rudia hesabu kwa kiini 1. Majibu yakitofautiana kupita tarakimu za mwisho, ubora wote uliobaki hauna maana.

Mimi hukipa daraja la juu kifurushi kianzacho na kiini 1 au 2 na kumwachia mwenye mashine hiari ya kuongeza. Nanyi watungaji, tafadhalini, kiandikeni kikomo hicho katika ukurasa wa kwanza wa maelezo.