Haki ya Nasibu

Mnunuzi wa nafaka anayeijua kazi yake hamwagi gunia zima ili alikague. Huchoma bambo ubavuni, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani, ndipo akataja bei. Aliyebobea zaidi hachomi pale anapoonyeshwa na muuzaji. Huchoma juu, katikati na chini, katika magunia aliyoyateua mwenyewe. Anajua kuwa kichache chaweza kusema kweli juu ya kingi, mradi hakikuteuliwa na mwenye maslahi. Wanatakwimu wamekwenda hatua moja mbele yake, na hatua hiyo ndiyo ninayoisifu: hata mtu mwema wamemnyima uhuru wa kuteua, wakaikabidhi kazi hiyo nasibu.

Walikuwa na sababu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatangaza kuwa mgombea Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt katika uchaguzi. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo maskini wengi hawakuwa na kimojawapo. Tena waliorudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi sawasawa. Sampuli iliyopinda hainyooki kwa kuongezwa watu.

Tazama sasa kazi ikifanywa inavyotakiwa. Katika utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa Tanzania wa 2022, yaliteuliwa maeneo 629, na katika kila eneo kaya 26: jumla kaya 16,354, katika nchi ambayo sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Kabla ya kuteua, kaya za kila eneo ziliorodheshwa. Tuseme eneo lina kaya 130. Zinatakiwa 26, yaani moja katika kila tano. Nasibu hutoa namba ya kuanzia, tuseme 3. Basi zitahojiwa ya 3, ya 8, ya 13, na kuendelea hadi mwisho wa orodha.

Mdadisi akifika kaya ya 8 akakuta kufuli mlangoni, huku jirani wa kaya ya 9 ameketi barazani, mkarimu, tayari kujibu kila swali, atashawishika kuketi naye. Kanuni inamkataza: kaya haibadilishwi. Atarudi jioni, atarudi kesho. Aliyefunga mlango huenda yuko shambani au kibaruani, na ukimweka jirani badala yake, polepole utafiti wa nchi unageuka utafiti wa watu washindao nyumbani. Wengi wetu tungeona kurudi huko ni usumbufu. Mimi naona ndiko kunakobeba uzito wa ripoti nzima.

Linabaki swali gumu zaidi. Nasibu ingeweza kuanzia namba 4 badala ya 3, na majibu yangetofautiana. Tutaiaminije sampuli moja tuliyoipata? William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alilikabili swali hili kwa mikono yake. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa kila mmoja na wa kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya vizuri, kisha akavigawa vinne vinne hadi akapata sampuli 750. Wastani za sampuli hizo hazikulingana, lakini hazikutawanyika ovyo: nyingi zilijikusanya karibu na wastani wa wote, chache zikapotoka mbali. Umbo hilo la mtawanyiko ndilo mgawanyo wa sampuli. Mwaka 1908 alichapisha matokeo kwa jina la Student, na hesabu zake zikaonyesha kuwa mwenye sampuli ndogo anahitaji tahadhari kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa kulijua umbo hilo, mtafiti mwenye sampuli moja anaweza kukadiria zingekuwaje zile ambazo hakuzichukua. Akihoji watu 1,000 walioteuliwa kwa nasibu, asilimia anayoipata kwa kawaida haitapotoka zaidi ya pointi 3 hivi, kwa mji mmoja au kwa nchi nzima. Akitaka kulipunguza kosa hilo nusu, hatahoji 2,000, atahoji 4,000. Usahihi unauzwa ghali, na bei yake haina mjadala.

Kwangu mimi ufundi huu ni wa uadilifu kwanza, hesabu baadaye. Humpa mkulima wa kijiji cha mbali nafasi inayojulikana ya kusikika, ambayo hakuna mkubwa awezaye kuinunua. Kisha hutamka hadharani ukubwa wa shaka yake. Anayetuletea asilimia bila kueleza watu walipatikanaje, na kosa laweza kufika wapi, ametuletea maoni yake tu. Tumdai hayo mawili kila mara, na tumdai zaidi pale namba yake inapotupendeza.