Dar hadi Unguja kwa Caravan: dakika 17!

Dakika 17! Nimezihesabu mwenyewe, tangu magurudumu yalipoachana na lami ya Dar es Salaam hadi yalipogusa ya Unguja, na moyo bado unanidunda ninapoandika haya.

Nianze na ramani, maana ndiyo iliyoninyima usingizi jana. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 kwa mstari ulionyooka. Sabini na tatu tu! Kwa barabara ya Morogoro hapo hujaiona hata Chalinze. Halafu tazama uelekeo: sisi wa Dar tukiulizwa Zanzibar iko wapi tunanyoosha kidole baharini, mashariki, kumbe viwanja hivi viwili vinakaribia kabisa kuwa kwenye longitudo moja. Ni kaskazini tupu, utadhani mtu kapiga rula! Ndiyo maana karibu theluthi ya kwanza ya njia bado ni bara: mabati ya jiji, mabati, mabati, kisha Kunduchi, na ghafla ardhi inakwisha.

Ndege yenyewe ni Cessna Caravan, injini moja, rafadha moja puani, abiria kumi na wawili. Nilipata kiti nyuma ya rubani, na hakuna mlango kati yetu! Mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna kinachokukinga macho ukitazama chini. Kisiwa cha Mbudya hicho kuliani, kichaka cha kijani kilichovishwa mchanga mweupe. Maji yakaanza na rangi ya jani bichi, yakaingia buluu, yakawa mazito kama wino. Jahazi moja, tanga limejaa. Na pembeni yake, jamani, kivuli cha ndege yetu kikikimbia juu ya mawimbi!

Mbele ya rubani kuna kioo kinachoonyesha umbali uliobaki kwa maili za baharini. Safari nzima ni kama 39. Nikawa nazitazama zinavyopukutika: 20, 14, 9. Caravan hukata karibu kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu kavu ilitosha chini ya dakika 15. Zilizobaki zimeliwa na kupaa, kugeuka na kujipanga kutua, na kaskazi nayo ilikuwa ikitupiga usoni. Nangoja msimu wa kusi, upepo utusukume mgongoni, nipime upya!

Ni kweli, kuripoti mapema, kupimwa mizigo na kungoja kuitwa kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Boti ya kasi nayo ni kama saa mbili, na ninaipenda. Lakini boti haikuonyeshi kisiwa cha Chumbe kwa juu! Kilitokea kushotoni tukishuka, na mnara wake wa taa wa mwaka 1904 umesimama wima juu ya miti, matumbawe yameuzunguka ufuo kama mkeka uliotandikwa chini ya maji. Sikupata hata nafasi ya kupiga picha. Minazi, paa, lami, tumefika.

Nimeshakata tiketi ya kurudi jioni. Nimeambiwa anayewahi ndiye anayekaa kando ya rubani kabisa, kule mbele. Nitakuwa pale saa mbili kabla!